Mama Yangu Hajasafiri

Jumatatu, 28 Oktoba 2013

Redio imekufa maji. Bati la chumbani kwangu limetoboka palepale juu ya meza, na mvua ya jana haikuniuliza. Sasa jioni hazina taarifa ya habari wala muziki, na mimi si mtu wa kulala na maneno mdomoni. Nitaandika.

Naitwa Herieth Mbwambo, Mpare wa Same, muuguzi wa serikali. Huu ni mwaka wangu wa tatu kituo cha afya cha Nyarusanze, ambako mvua ikikolea gari la kutoka Kasulu linaishia njia panda ya Titye na sisi tunamalizia kwa miguu. Ni Msabato, wa pekee kijiji kizima. Jumamosi nasali chumbani peke yangu; mhubiri ni mimi na anayesinzia ni mimi.

Nyumba ya watumishi nakaa na Minda. Jina lake kamili ni Luzviminda, mkunga kutoka Ufilipino, kisiwa cha Samar, amekuja kujitolea kwa miaka miwili. Ni mfupi, ana mikono midogo, na hasira zake hazina kelele. Watu wanamwita Sista. Hapa kila muuguzi ni sista, hata mimi, lakini mimi nikiitwa sista wanataka panado, yeye akiitwa Sista wanampisha njia na kina mama wanapiga goti. Leo nimemwuliza kama anajua kwamba wanamdhania mtawa.

"Najua," alisema, akiendelea kumenya muhogo. "Hapana mtu ameniuliza."

Alhamisi, 31 Oktoba

Kumbikumbi wametoka, na kijiji chote kimetoka nao. Minda kala bakuli zima, kaniachia mbawa.

Jumapili, 3 Novemba

Nyarusanze ina makanisa mawili ya kutajwa, na yanatazamana kama mawifi. Juu mlimani ni la Wakatoliki, matofali ya kuchoma na bati la bluu. Chini karibu na kijito ni la Waanglikana, la zamani, tofali mbichi zilizopakwa chokaa, kuta nene, madirisha madogo, na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi badala ya kengele.

Minda anasali la juu. Katekista Bazilio, anayeongoza ibada kwa kuwa padri anatoka mjini mara moja kwa mwezi, amempa benchi la mbele, yeye peke yake. Leo nimemsindikiza mpaka mlangoni kwa sababu ya utelezi, na njiani nikamwuliza makanisa ya kwao yakoje.

"Kuna la mawe na kuna la bati," alisema. "Yanatazamana, kama hapa. Mimi ni wa bati."

Nilidhani ananieleza habari za mafundi.

Jumamosi, 9 Novemba

Mganga mfawidhi ana televisheni na jenereta. Ametuma mtu atuite mbio. Tufani imepiga Ufilipino jana, na kisiwa cha Samar kimetajwa kwa jina. Tumeona minazi imelala yote upande mmoja na nyumba zimekuwa mbao tupu. Minda alitazama akiwa amesimama, kisha akatoka nje na simu yake, akapanda kichuguu kile chenye mtandao, akakaa huko mvuani.

Leo ni Sabato na nimefanya kazi zote za Minda. Nimefua, nimepika, nimechota maji. Bwana wa Sabato ataona mwenyewe la kufanya.

Jumapili, 10 Novemba

Simu ya kwao haiiti.

Jumatatu, 11 Novemba

Haiiti. Amezalisha watatu leo, na kila mtoto Minda alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatano, 13 Novemba

Haiiti. Mvua ya mawe. Maharage ya watu yote chini.

Jumamosi, 16 Novemba

Kaka yake amepiga. Waliongea Kifilipino, mimi nikasikia neno moja tu ninalolijua, Nanay, yaani mama. Alipomaliza alikuja akakaa kizingitini, akanieleza pole pole, akiyatafuta maneno ya Kiswahili kama mtu anayechagua mchele.

Mama yake, Konsolasyon, amekufa. Walimpata siku ya tatu. Wamemzika na wengine katika shimo moja lililochimbwa na trekta nyuma ya soko. Hakuna msalaba wenye jina lake, wala kibao. Nikauliza kwa nini hawakuandika hata majina. "Watu wengi," alisema. "Mbao hapana."

Halafu akaniambia habari ya makanisa yale mawili, na nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Kanisa la mawe lilijengwa enzi za Wahispania, kuta za matumbawe, nene kama mtu kulala. Waliobeba mawe yake ni mababu zake. Zamani, zaidi ya miaka mia, watu wengi wa kwao walichoka kuona mapadri wazalendo wanawekwa nyuma ya mapadri wa Kihispania kila siku, wakaanzisha kanisa lao huru. Misa ileile, Bikira Maria yuleyule, rozari ileile, ila hawako chini ya Roma. Na funguo za kanisa la mawe walikuwa nazo wao. Ikaja kesi. Mahakama ikaamua majengo yarudi kwa Roma. Babu yake mkubwa alibeba benchi mgongoni, akavuka uwanja, wakajenga lao la mbao na bati wakitazamana na lile waliloamriwa kutoka. Minda alipokuwa mtoto walitupiana mawe na watoto wa upande wa pili.

Tufani ilipokuja, mama yake alilikimbilia lile la mawe, kwa sababu ya kuta. Hakuwahi kuingia humo maisha yake yote. Bahari ikamfuata mle mle ndani.

"Amekufa kwenye kanisa la watu wengine," alisema Minda. "Amelala kwenye shimo la watu wote. Jina lake liko wapi?"

Kwao, siku tisa kabla ya Krismasi, watu wanaamka alfajiri wanakwenda kanisani, siku zote tisa, bila kukosa. Mwaka huu atafanya hapa, na jina la mama yake litatajwa ndani ya kanisa. Hakusema natamani, wala kama inawezekana. Alisema litatajwa.

Mimi siamini kuombea wafu. Sisi tunaamini wamelala, hawajui neno lolote. Nikamwambia nitakwenda naye kwa katekista Jumatatu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimerudi nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Bazilio alitupokea vizuri, lazima niseme kweli. Alitoa viti, akavua kofia, akasema pole mara nyingi. Jumapili watamwombea mama wa Sista mbele ya watu wote, na padri akija atasoma misa. Minda alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu apokee habari. Kisha Bazilio, kwa wema tu, akauliza: "Na paroko wenu huko, yeye salama?"

"Padri wetu amekufa pia," Minda akajibu. "Mke wake na watoto wamebaki."

Bazilio alitabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "Mke wa nani, Sista?"

"Wa padri."

Nilisikia kuku wakiparua uani. Bazilio akavaa kofia yake tena. Akauliza pole pole Sista ni mtawa wa shirika gani, na Minda akajibu yeye si mtawa, ni mkunga, kanisa lake halina Roma, mapadri wao wanaoa, na kama angeulizwa siku ya kwanza angesema siku ya kwanza.

"Basi siwezi," alisema Bazilio. "Siyo mimi, Sista. Ni utaratibu. Padri akija tutamwuliza."

Hapo nikaingia. Nikamwambia mtu huyu ni yuleyule wa jana, ndiye aliyemtoa mjukuu wako akiwa ametanguliza miguu, na machozi uliyoyaona sasa hivi hayakuwa na dhehebu. Bazilio akanigeukia.

"Na wewe nesi Msabato, marehemu unaamini wako wapi?"

"Wamelala. Hawajui lolote."

"Sasa unagombea nini?"

Nikamshika Minda mkono tukatoka, na swali hilo limenichoma njia nzima. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumapili, 24 Novemba

Minda amekwenda la juu hivyo hivyo. Benchi la mbele alikuta limejaa wanakwaya. Alisimama nyuma, mlangoni, ibada nzima, wakati nafasi zipo. Nilipomwuliza kwa nini hakukaa, alisema, "Wanione."

Jumatano, 27 Novemba

Siku ya gulio. Jeanne amekuja na mandazi na vitenge. Huyu ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anakuja akipata kibali, na mzigo wake wa kwanza huwa anaushusha barazani kwetu. Aliposikia habari hakusema pole. Alikaa chini kabisa, kwenye sakafu, akauliza: "Ule mama, jina yake nani?"

Minda akamwambia.

"Konsolasyon! Kwetu banaitwa Consolate mingi sana. Yaya yangu alikuwa Consolate." Yaya kwao ni dada mkubwa, si mlezi. "Na yeye banamuzika mu shimo, na batu. Miye nilikuwa nakimbia, sikuona."

Nikagundua kwamba tangu msiba uingie, huyu ndiye mtu wa kwanza kuuliza jina. Hata mimi sikuliuliza, nililisikia tu.

Jumapili, 1 Desemba

Mama Mchungaji amekuja. Jina lake Esteri, mke wa Mchungaji Pasikali wa kanisa la chini. Simpendi. Anafunua sufuria za watu. Mara mbili ameniambia kwamba Sabato ni ya Wayahudi, na mara zote mbili nilikuwa na kijiko mkononi nikajizuia.

"Mwakeye!" Akatusalimia kwa Kiha, akaingia bila kungoja, ana mkungu wa ndizi kichwani na Biblia kwapani. Amesikia Wakatoliki wamemkana Sista, na furaha yake ilikuwa haifichiki. "Nimesoma mpaka nimeipata. Kumbe ninyi ndio Wafilipi! Paulo Mtume kawaandikia barua, sura nne nzima. Sisi Waha nani katuandikia? Na bado watu wanamfukuza!"

Nilifungua mdomo. Wafilipi ni watu wa Makedonia, huko ng'ambo nyingine kabisa ya dunia. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa akimtazama Minda, macho yote, kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa kwenye Maandiko. Nikafunga mdomo.

Minda naye, asiyejua limezungumzwa nini, akasema tu lililo kweli: kanisa lake lina mapatano ya miaka mingi na Waanglikana, wanashiriki meza moja.

"Si nimesema!" Mama Mchungaji akapiga paja. Mchungaji yuko Kasulu kwenye shughuli za dayosisi mpaka karibu na Krismasi, ufunguo anao yeye, kanisa lichukueni asubuhi zote tisa. Kisha akainua kidole. "Ila wafu hatuwaombei, mwanangu. Hilo huku kwetu hakuna."

Minda akauliza kama jina tu linaweza kutajwa.

"Tunataja wagonjwa. Tunataja wasafiri." Nikamwona anafikiri, na kwa mara ya kwanza nikaona anafikiri kwa huruma. "Sikia. Mwili wake hukuuona kwa macho yako, ego, ndiyo? Basi tumtaje kwenye wasafiri. Msafiri wa mbali. Imana, Mungu, anajua mwenyewe."

Nilitaka kumrukia Minda nimzibe mdomo kabla hajakataa, maana mlango ulikuwa wazi, kilichotakiwa ni kuinamisha kichwa kidogo tu.

"Mama yangu hajasafiri," alisema Minda. "Mama yangu amekufa."

"Basi hatutaweza kumtaja."

"Sawa. Tutasali. Pale pa jina, mimi nitanyamaza."

Mama Mchungaji alilizungusha hilo kichwani, akaangalia dari. "Kunyamaza," alisema mwishoni, "hakuna aliyekukataza."

Jumatano, 4 Desemba

Nimemgombeza Minda. Nimesema ungekubali, msafiri ni neno tu. Akaniambia mababu zake wangeweza kubaki ndani ya kanisa la mawe kama wangekubali neno moja tu. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mvua. Gari halijafika, dawa hazijafika, mshahara sijui.

Jumatatu, 16 Desemba

Asubuhi ya kwanza. Tulitoka saa kumi kasoro, giza, matope ya kuvulia viatu. Mama Mchungaji alikuwa ameshafika na taa ya chemli na amegonga rimu mwenyewe. Tulikuwa sisi, Jeanne aliyelala kwetu, na wajawazito watano wanaongojea siku zao kituoni, ambao walikuja kwa sababu mkunga wao anakwenda na hawataki kuachana naye.

Minda alisoma zaburi, akaomba kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Aliombea watoto, wagonjwa, mashamba. Kisha akasema, "Na sasa," akanyamaza. Mvua ikasikika juu ya bati. Kimya kilidumu kiasi cha mtu kutaja jina refu, akavuta pumzi, akaendelea.

Baadaye alitupa vitumbua vya unga wa mchele alivyooka kwenye majani ya mgomba. Kwao ndivyo wanavyokula. Vimeungua chini.

Jumatano, 18 Desemba

Wamekuwa zaidi ya ishirini. Wanawake wanapitia wakienda shambani, wanaegesha majembe ukutani.

Ijumaa, 20 Desemba

Bazilio ameonekana nje ya dirisha, kajikunyata chini ya mwavuli. Nilitoka nikamwuliza kulikoni.

"Natafuta mbuzi," alisema.

"Saa kumi na moja alfajiri?"

"Huwa anatoka mapema."

Nikamwacha na mbuzi wake. Kimya kilipofika nilimwona kavua kofia.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimeitunza Sabato yangu kwenye kanisa la Waanglikana, nikiongozwa na mwanamke ambaye Wakatoliki wamemkataa. Mama yangu kule Same akisikia atafunga siku tatu.

Ila niandike jambo. Nimeanza kukingoja kile kimya. Leo kilipofika nilikuwa namfikiria baba.

Jumapili, 22 Desemba

Mchungaji Pasikali amerudi. Ni mtu mrefu, mkavu, hacheki, na hajawahi kuonekana akilewa au akidanganya. Alikuja kwetu baada ya ibada yake na mkewe nyuma. Alianza na Wafilipi.

"Filipi ni mji wa Makedonia," alimwambia mkewe mbele yetu. "Hawa ni Wafilipino. Hawahusiani kabisa."

Mama Mchungaji akajifunga kanga upya. "Basi Paulo kawasahau, na sisi tusiwasahau."

Nilijikuta nacheka kwa nguvu, na tangu leo akifunua sufuria zangu nitamchotea.

Mchungaji akamgeukia Minda. Mapatano ya makanisa anayajua, amewahi kuyasoma chuoni, hawezi kumfukuza. Asubuhi mbili zilizobaki aendelee, na yeye mwenyewe atakaa mbele. "Lakini kile kimya kiondoke. Nimeulizia. Watu wote wanajua kina nini ndani. Kimya hicho kinaomba."

"Nimenyamaza tu," alisema Minda.

"Ndiyo. Usinyamaze."

Hebu fikiria mtu anakatazwa kunyamaza! Nimeingia serikalini nimekatazwa mengi, hilo ni la kwanza. Alipoondoka nilimwuliza Minda atafanyaje. Alikuwa anapanga majani ya mgomba.

"Nitanyamaza," alisema.

Jumatatu, 23 Desemba

Kanisa lilijaa mpaka kwenye madirisha, maana habari ya kimya kupigwa marufuku imetembea kijijini kuliko habari ya kuku kuibwa. Mchungaji alikaa mbele, kitabu cha nyimbo magotini. Minda akafika pale. "Na sasa." Akanyamaza. Na Mchungaji, bila kugeuka, akaanzisha wimbo. Ana sauti nzuri, nzito. Watu wamezoea, mchungaji akianza wimbo mnapokea. Midomo ilipokea yenyewe kabla ya mioyo kuamua. Hata mimi nilipokea nusu mstari. Kimya chote kikafunikwa.

Njiani nilitembea na Minda. Nilimwona ameishika mikono yake midogo kama anavyofanya mtoto akizaliwa bila kulia. Jeanne alitembea nyuma yetu akijisemea, "Banafunika ule mama mara ya pili. Mara ya pili!"

Mchana kutwa nimewazungukia wodini, kisimani, kwa Mama Mchungaji, hata kwa Bazilio. Nimewaambia wote jambo moja: kesho akianza wimbo, fungeni midomo. Bazilio alisema yeye ni Mkatoliki, hahusiki. Mama Mchungaji alinisikiliza ameinama. Alikuwa anachambua maharage na aliendelea kuchambua.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika mchana, kituoni, kati ya mjamzito na mjamzito.

Mvua ya leo ilikuwa ya kweli, ya kukuzuia kusikia mwenzako. Hata hivyo watu walikuja wamejifunika magunia na majani ya mgomba. Bazilio aliingia ndani leo, akasimama nyuma mlangoni, palepale ambapo Minda alisimama kwake.

Minda akaombea watoto, wagonjwa, mashamba. "Na sasa," akanyamaza.

Mchungaji akaanza wimbo. Ubeti wa kwanza aliuimba wote. Kwenye kiitikio akangoja tumpokee, na hapakuwa na hata mguno. Aliimba kiitikio peke yake. Akaanza ubeti wa pili, nikaona shingo yake inatafuta huku na huku, na sauti yake nzuri ikawa ya mtu mmoja ndani ya nyumba kubwa. Katikati ya mstari akaacha. Akasimama, akatugeukia, kitabu wazi mkononi. Sijui alitaka kusema nini. Minda alimwahi.

"Konsolasyon," alisema. Si kwa kupiga kelele. Alilisema kama mtu anayempokea mgeni mlangoni. "Mama yangu. Konsolasyon."

Jina likawa limeingia kanisani, na hakuna ambaye angeweza kulitoa.

"Consolate," akasema Jeanne hapo hapo. "Yaya yangu. Na Rodrigue, bwana yangu. Na Chantal, mutoto."

Halafu mwanamke mmoja kwa dirishani, mwenye jembe. Halafu mjamzito mmoja, akataja wawili waliotangulia kabla ya huyu wa tumboni. Kisha yakaja kutoka kila upande, majina ya Kiha na majina ya ubatizo, mengine ya juzi, mengine ya zamani za vita za jirani, na hayakungojana. Bazilio naye alitaja lake kule nyuma, akalimalizia na sala ya marehemu ya kwao yote mpaka mwisho, ndani ya kanisa la Waanglikana, na kofia mkononi. Mimi nikasema, "Elinami." Baba yangu. Sikumwombea, amelala, hajui neno lolote. Nilimtaja tu, na machozi yakanitoka kama mtoto. Kama Bazilio angeniuliza tena nagombea nini, leo ningemjibu.

Mchungaji alikuwa bado amesimama. "Ndugu zangu," alisema. "Ndugu zangu, jamani." Nilijua sasa atatufukuza, na nikajiandaa kutotoka. Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Mama Mchungaji akainuka. Anakaa mstari wa pili siku zote, nyuma ya mumewe. Hakumtazama mumewe, alitazama mbele, ukutani.

"Butoyi," alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia yeye. Mimi mtu wa Same sikuelewa, mpaka Jeanne aliponinong'oneza kwamba Butoyi ni pacha, yule anayezaliwa wa pili, na kwamba kwa Waha na Warundi hakuna anayeitwa hivyo pasipo mwenzake. Mwenzake tunamjua sote, ni kijana mkubwa, yuko Kigoma mjini. Huyu mwingine, mwanamke wa mbele yangu alisema bila kugeuka, alikwenda na surua, akazikwa upande wa juu wa mparachichi, na baba yake aliongoza maziko asubuhi na ibada jioni, na tangu siku hiyo jina halijasikika.

Mchungaji alimtazama mkewe. Nimeona wanaume wengi wakitoka wodini na habari mbaya, na uso ule naujua. Akafunga kitabu.

"Danieli," alisema Mchungaji. "Nilimbatiza mwenyewe. Danieli Butoyi."

"Ego," alisema mkewe.

Mchungaji alibaki amesimama pale mbele, mikono imening'inia. Kisha akamgeukia Minda, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu yule akiuliza kitu asichokijua.

"Kwenu," alisema, "mkishawataja, baada ya hapo mnasema nini?"